Meneja Anayejua Kusema Bado

Kijana wa Masara mwenye ngumi nzito hakosi wa kumsifu. Mabega ameyapata kwenye machimbo ya dhahabu ya huko, sifa kapewa na wenzake. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwambia, "Bado." Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa ngumi, na katika mabondia wa Afrika Mashariki mfano ninaoupenda ni wa Ayub Kalule wa Kampala na meneja wake, Mogens Palle wa Denmark.

Mwaka 1974 Kalule alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, kisha ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana. Meneja mwenye pupa angemwingiza mara moja kwenye kinyang'anyiro cha mkanda. Palle, aliyemwingiza kwenye ngumi za kulipwa mwaka 1976, alimlea kwenye kumbi za Denmark kwa zaidi ya miaka mitatu.

Ufundi umelala hapo. Mpinzani huchaguliwa kwa kile atakachomfundisha bondia: huyu mrefu, ili ajifunze kuingia ndani, yule mzee mjanja, ili azoee kwenda raundi zote bila kupata pa kupiga, mwingine mwenye kukumbatia na kusukuma, ili asiishiwe subira. Meneja akikosea, bondia anazoea ushindi wa bure, au anavunjwa mapema. Watazamaji hawaoni hesabu hii. Wengi humjua meneja kwa mgawo wake tu, ambao kwa desturi hufika hata theluthi ya malipo. (Wapo wanaochukua theluthi bila kufanya kazi yoyote, lakini hao si mafundi.)

Subira ya Palle ilizaa matunda: Oktoba 1979, mjini Akita, Kalule alimnyang'anya Masashi Kudo mkanda wa dunia wa WBA wa uzani usiozidi kilo 70. Kumshinda Mjapani kwa pointi nchini kwake, baada ya raundi 15, si jambo la kubahatisha.

Juni 1981, Sugar Ray Leonard alimsimamisha raundi ya tisa mjini Houston. Ndiyo mara ya kwanza Kalule kushindwa katika ngumi za kulipwa, na simlaumu meneja: bondia alikuwa amekomaa, na nafasi kama ile haiji kila mwaka. Tena mwili ulikuwa bado mzima. Mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya katika uzani mkubwa kuliko ule wa mkanda wa WBA.

Kwa hiyo, kijana, ukiletewa mkataba, usianze na swali la pesa. Mwulize meneja huyo ni mapambano gani aliyowahi kukataa, na kwa nini.