Dumu Lililobaki Njiani

Fremu ya 11 ni picha ya dumu la njano. Limesimama wima katikati ya njia ya miguu, limejaa, kifuniko kimekazwa. Kulia na kushoto ni migomba, na nyuma ukungu umekikata kilima nusu. Hakuna mtu. Fremu ya 12 imepigwa pale pale, simu ikiwa imeshikwa kwa urefu ule ule, na dumu halipo. Chini yake wameandika kwa penseli: "Kimya. Jogoo asiwike."

Kwangu mimi, hapo kazi ya kutisha imekamilika. Zinabaki picha saba, na nyingi kati ya hizo saba zinaibomoa.

Niseme kwanza ninahakiki nini. Si filamu, na wala si trela. Ni storibodi ya trela: picha 19 zilizopigwa kwa simu na wanafunzi wa kidato cha tatu huko Bugarama, wilayani Ngara, zikachapwa nyeusi na nyeupe (dumu najua ni la njano kwa sababu wamekiandika chini), kisha zikabandikwa kwa gundi juu ya karatasi mbili za manila. Kila picha ina mistari mitatu: kamera iko wapi, sauti gani inasikika, sekunde ngapi. Filamu yenyewe haijapigwa na huenda isipigwe kamwe. Rafiki yangu anayefundisha kule aliniomba niitazame kazi yao. Binti aliyeiongoza alinipa shikamoo, akaniita mwalimu ingawa sifundishi, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, inatisha?"

Kisa ni chepesi. Msichana anatumwa maji alfajiri. Akiwa njiani anarudi, mama yake anamwita kutoka ndani ya migomba, naye anaitika. Mama yuko nyumbani, amelala. Aliyelelewa na bibi hahitaji kuambiwa kosa liko wapi: ukiitwa gizani, mwito wa kwanza hauitikiwi. Wanafunzi hawa hawakulieleza hilo popote, wala hawakumweka mzee wa kulieleza. Wamemwamini mtazamaji wao. Ni jambo ambalo waandishi wengi wa filamu zetu, wenye umri mara mbili ya wao, hawathubutu kulifanya.

Tena wamechagua alfajiri, wakauacha usiku wa manane. Huo ni uchaguzi wa watu wanaoijua nchi yao. Ngara iko magharibi kabisa mwa Tanzania, lakini inatumia saa zile zile za Dar es Salaam. Jua huchelewa kuchomoza huku kwa karibu nusu saa, miezi mingine zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati mtoto wa Temeke anaanza kuona weupe wa mbingu, mwenzake wa Bugarama anakwenda shule au kisimani gizani, na hilo si tukio, ni ratiba. Katika filamu za kutisha tulizozoea, mtu anatoka nje saa nane za usiku na sisi tunabaki kujiuliza alifuata nini. Huyu msichana hana la kujieleza. Katumwa maji.

Kuna faida nyingine ya kupanga kwa picha mnato ambayo sidhani waliikusudia. Walichora kwanza, wakaniambia, lakini michoro ilikuwa inawadanganya: kwenye karatasi unaweza kuchora mzimu juu ya paa, mvua, na msafara wa magari. Simu haidanganyi hivyo. Ukitaka picha ya alfajiri lazima uamke, usimame kwenye umande na uone kwamba simu ya bei ndogo ikiwa gizani inatoa chengachenga tupu. Fremu ya 4 ni chengachenga tupu. Wameiacha, na wamefanya vizuri, maana ndani ya zile chenga jicho linaanza kutengeneza watu.

Njia hii ya kusimulia si ngeni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, jarida la African Film lilileta Afrika Mashariki visa vya mpelelezi Lance Spearman, yule Spear, vikisimuliwa kwa picha za watu halisi zilizopangwa ndani ya visanduku. Vijana wa wakati ule walijifunza kuangalia sinema kwa kufunua kurasa. Na huko Ufaransa, mwaka 1962, Chris Marker alitengeneza La Jetée, filamu ya karibu nusu saa ambayo ni picha mnato tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja ambapo mwanamke anafumbua macho na picha inatembea. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wanafunzi ulikuwa huu: fremu ya 11 na ya 12 msizigeuze video. Ziwekeni katika trela kama zilivyo, zimeganda. Mtu akizoea picha zinazotembea kisha akakutana na moja iliyosimama, atasogea mbele kwenye kiti.

Sasa niende kwenye zile saba.

Fremu ya 13 ni nywele bandia zilizofunika uso. Tumeziona tangu Ringu ya Wajapani mwaka 1998, na tangu hapo zimetembea dunia nzima hadi zimechoka. Fremu ya 15 na 16 ni mganga: kaniki, shanga, kichwa kinachotikisika. Huyu naye tunamjua. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, alithibitisha kwamba mizimu na majini yetu yanaweza kuijaza sebule hofu bila kuomba msaada wa Hollywood. Waliomfuata wengi walichukua shanga, hofu wakaiacha. Fremu ya 17 ni maandishi yanayoeleza kila kitu, yasomwe kwa sauti nzito. Nadhani walikuwa na Lufufu masikioni, na simlaumu mtu kwa hilo. Sote tuliokulia kwenye vibanda vya video tunayo sauti ile kichwani. Ila Lufufu alikuwa anatufasiria filamu ya lugha tusiyoijua. Dumu la maji halihitaji mkalimani. Trela zetu nyingi zina ugonjwa huu: ukishaziona, filamu yenyewe unaweza kuiacha.

Hayo ni makosa ya kujifunza, yatakwisha yenyewe. Fremu ya 14 si ya aina hiyo.

Katika fremu ya 14 mvulana amepakwa unga wa muhogo usoni, shingoni na mikononi, mpaka nyusi. Anachungulia kati ya migomba. Huyo ndiye kiumbe aliyemwita msichana. Nilipouliza kwa nini unga, jibu lilikuwa la kweli na la haraka: vipodozi hatuna, unga upo jikoni. Naliamini kabisa jibu hilo. Lakini picha haibebi sababu zake. Anayeitazama anaona mtu mwenye ngozi nyeupe amejificha shambani, na anaambiwa: mwogope huyu. Tuko Kanda ya Ziwa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba wao si watu kama wengine, ni mizimu, ni dawa ya utajiri. Mwaka 2024, Muleba, katika mkoa huu huu wa Kagera, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao, na baadaye mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Katika nchi yenye habari hiyo, anayechungulia kati ya migomba kwa hofu, akisikiliza nani anamwita, ni yule mwenye ngozi nyeupe. Fremu ya 14 imempa mwindwa nafasi ya mwindaji.

Mmoja wa wavulana alisema hakuna atakayefikiria hivyo, ni filamu tu. Binti kiongozi hakusema kitu. Alikuwa anaikwangua ile picha kwa ukucha pembeni, pale gundi ilipoanza kuachia.

Fremu ya 18 ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni nzuri. Imepigwa magharibi, kutoka chini ya kilima: mstari wa watu juu mgongoni mwa kilima, weusi dhidi ya mbingu, kila mmoja na mzigo kichwani. Ni watu waliokuwa wanatoka gulioni, hawakujua wanapigwa picha. Maelezo ya penseli yanasema: "Wafu wanarudi." Mama mmoja mtu mzima, mwenye nyumba tuliyokuwa tumekaa, alipita na sinia la chai, akaitupia jicho manila, akaweka kidole juu ya picha hiyo na sio nyingine yoyote. "Hawa wameingia lini?"

Mwishoni mwa Aprili 1994, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya hii ndani ya takribani siku moja. Benaco ikawa jiji la turubai. Kabla yao na baada yao walikuja wa Burundi, kwa makundi, kwa miaka. Kwa mtu wa umri wake, mstari wa watu wenye mizigo juu ya kilima wakati wa magharibi si mandhari. Wanafunzi hawakuwa wamezaliwa. Walitafuta picha ya kutisha kwa jicho tu, na jicho likawapeleka mahali ambapo wilaya nzima iliwahi kusimama ikitazama.

Je, nayo iondolewe? Hapana, na hapa sikubaliani na rafiki yangu, aliyetaka zote mbili ziondoke. Fremu ya 14 inamsingizia mtu aliye hai. Fremu ya 18 haimsingizii yeyote mpaka pale penseli inapoandika "wafu". Waliopita walikuwa hai, na ndiyo maana walikuwa wanatembea. Futa neno hilo, acha mstari upite bila sauti, na picha ile itafanya kazi kwa vijana kwa namna moja na kwa yule mama kwa namna nyingine. Ila wahusika wa gulioni waombwe ruhusa. Hilo nililisema mara mbili.

Kuhusu sekunde: nilijumlisha namba zao zote nikapata 131, wakati wenyewe wanasema trela ni ya dakika moja na nusu. Dumu limepewa sekunde mbili. Mganga, kumi na nne. Nikawaambia wabadilishane.

Fremu ya 19 ni karatasi tupu yenye neno "Jina" na alama ya kuuliza. Walikuwa bado wanabishana. Wiki mbili baadaye nilitumiwa kwenye simu fremu mpya ya 14. Ni mlango wa jikoni, umefunguliwa kidogo, na ndani hakuonekani kitu. Nywele bandia hazipo tena. Mganga bado yupo, ana sekunde tisa, na chini yake binti ameandika kwamba aliyeigiza ni kaka yake na amekataa kabisa kukatwa.