Ufundi wa Kulipokea Swali

Vijana wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friza. Siku moja mwaka 1963 nafasi ikawa haba. Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alipoona mwenzake anawahi na mchanganyiko ambao hata hakuuchemsha, akatia wake ukiwa bado wa moto. Baada ya saa moja na nusu waliporudi, wa Mpemba ulikuwa umeganda. Wa mwenzake ulikuwa uji mzito tu.

Mpaka hapo huo ni mradi: kuna kazi ya mikono, kuna ushirikiano, na mwishoni kuna kitu cha kuliwa. William Kilpatrick aliandika makala ya kuitetea mbinu ya miradi mwaka 1918 huko Marekani, na hoja yake ina nguvu hadi leo, kwani mtoto hujifunza kwa bidii anapofanya jambo lenye maana kwake. Ila mradi ukishazaa kitu, umekwisha. Aiskrimu ikiliwa, vyombo huoshwa.

Uchunguzi ulianza pale Mpemba alipouliza kwa nini mchanganyiko wa moto uliwahi kuganda. Mwalimu wake wa fizikia alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akanyanyuka na swali lake lile lile, darasa likaangua kicheko.

Osborne naye alidhani kijana amekosea. Hakuwa na jibu. Lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara apime. Mwaka 1969 mhadhiri na mwanafunzi wakachapisha makala kwa majina yao yote mawili. Wanasayansi wangali wanabishana, wengine kuhusu sababu, wengine kama jambo lenyewe lipo kweli.

Huo ndio ualimu ninaousifu. Kupanga mradi ni kazi unayoweza kujifunza: unagawa makundi, unataja vifaa, unaweka tarehe. Kulipokea swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, mbele ya darasa linalocheka, kunataka moyo na umahiri wa miaka. Ndiyo maana miradi imeenea kuliko uchunguzi. Nchini Kenya, tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, wazazi wamelalamikia vifaa wanavyotakiwa kununua na kazi zinazowaangukia wao usiku. Kifaa kilichoundwa na mzazi kinaweza kupata alama nzuri na kisimwachie mtoto swali hata moja.

Siikatai miradi. Bila ile aiskrimu, Mpemba asingepata cha kuuliza, na uchunguzi usio na kazi ya mikono mara nyingi huishia kwenye maswali ya kubuni ambayo mwalimu anajua majibu yake tangu asubuhi. Ila kati ya mradi na swali, swali ndilo lenye cheo.

Basi mwalimu, katika andalio la mradi wako ujao tenga kipindi kizima baada ya kazi kukamilika. Waulize watoto ni nini kilichowashangaza, uchague jambo moja usilolijua, kisha mlichunguze pamoja.