Makofi Sita

Mwalimu anapiga kofi la kwanza. Mtoto aliyejikunja peke yake katikati ya uwanja, chini ya mwembe, anamvuta mwenzake. Sasa ni wawili. Kofi la pili, wanne. La tatu, wanane. Kila kofi ni dakika 20, muda ambao bakteria wa tumboni, akipata joto na chakula, anaweza kujigawa. Kofi la sita wamefika 64 na darasa limekwisha. Hata waliokuwa wakicheka pembeni wamevutwa. Zimepita saa mbili tu tangu mtu mmoja asahau kunawa.

Mchezo huu naupenda kuliko bango lolote la afya. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikuwa na kioo chake mkononi, na bado mwaka 1676, alipowaandikia wataalamu wa London juu ya viumbe aliowaona ndani ya tone la maji, walisita kumwamini. Mwalimu wa Mbamba Bay, mkoani Ruvuma kando ya Ziwa Nyasa, kazi yake ni hiyo hiyo ya kuaminisha kisichoonekana, bila hadubini, mbele ya watoto waliozoea ziwa angavu hata mawe ya chini yanahesabika. Maji ya namna hiyo yana nini cha kuogopwa? Basi mwili wa mtoto ndio unaogeuzwa kioo cha kukuzia.

Na miili ya hapa imeshafundwa. Watoto wamekua wakitazama mganda, wanaume wamejipanga mistari, ngoma kubwa ikiunguruma na vibuyu vikilia kama tarumbeta. Vijidudu wakiingia uwanjani kwa mwendo huo, hatua moja, bega kwa bega, kila mtu anaelewa kwamba lililoingia ni jeshi.

Shida ni kwamba kila mtoto anataka kuwa kijidudu. Sabuni hana mashabiki. Ndiyo maana wengi humpa panga akate vichwa, na hapo sayansi inaharibika, kwa kuwa kazi kubwa ya sabuni ni kung'oa: inalegeza mafuta na uchafu unaowashikilia vijidudu kwenye ngozi, kisha maji yanawachukua. Nimependa zaidi Sabuni mtekenyaji. Anawapitia mmoja mmoja akiwatekenya makwapani hadi waachie, na Maji, msichana mwenye khanga ya buluu, anawakokota nje ya uwanja wakipiga kelele. Anayetekenywa kwa haraka haachii. Watoto wenyewe ndio waligundua hilo, wakaanza kumkemea Sabuni mvivu.

Halafu huja yule daktari wa koti jeupe na hotuba yake ya mwisho. Naomba aondolewe. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, wanafunzi wa kike wa sekondari walitafuta wenyewe linalowasumbua, kisha wakaligeuza igizo. Swali likitoka kwa mtoto, daktari hana la kuongeza.

Hata wema wa vijidudu unahitaji mchezaji. Ruvuma ni nchi ya togwa, na bila bakteria wa uchachu togwa ni uji tu. Mpe mtoto mmoja kata mkononi. Popote anapoimwaga asidi ya uchachu huo, bakteria wa kuhara wanalegea magoti.

Kichocho kinataka mchezo mwingine. Anayekileta ni mnyoo, na safari yake ina vituo: yai linatoka na mkojo au kinyesi cha mtu, linaanguliwa majini, anayeanguliwa anaingia kwa konokono, kisha anatoka kiluwiluwi asiyeonekana kwa macho, mara nyingi mchana wa jua, kumtoboa ngozi anayefua. Konokono ni watoto watatu chini ya mkeka mmoja, wakienda polepole hadi watazamaji wanachoka kucheka. Lakini igizo linaloishia kwa "msiingie ziwani" limetungwa na mgeni. Baba anavua usipa, mama anaosha masufuria ufukweni. Mtoto akae wapi? Jukwaani kijengwe choo, na mnyoo akose njia.

Mchezo ukiisha, watoto wanakimbilia kibuyu chirizi kunawa. Msichana mmoja anamshika mdogo wake mkono, anazigeuza kucha kwenye mwanga, anaona weusi chini ya kidole gumba. Hasemi neno. Anaanza kupiga makofi, polepole, na mdogo wake anarudi mbio kwenye maji kabla ya kofi la tatu.