Kitabu Imefutwa

Kwa miaka mingi nilikagua maandalio ya masomo ya walimu wanafunzi, na kalamu yangu nyekundu haikumhurumia mtu aliyevuruga ngeli. Kwa hiyo msomaji ataielewa hasira yangu siku nilipoonyeshwa, katika shule moja ya sekondari huku Newala, programu ya kompyuta ya kutunza rejesta ya maktaba. Kwenye kioo nilisoma: "Kitabu imefutwa." Mwalimu akabonyeza tena, tukaona: "Mwanafunzi imeongezwa." Nikatamka mbele ya walimu wote kwamba aliyeitafsiri programu ile hakuvuka darasa la nne.

Makala haya ni uhakiki wa tafsiri za namna hiyo. Lakini sina budi kuanza kwa kukiri kwamba uhakiki wangu wa kwanza, ule wa siku ile, ulikuwa wa dhuluma.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Programu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa: mnunuzi hupewa kitu cha kutumia bila kuonyeshwa kilivyoandikwa. Programu huria ni kinyume chake. Maandishi yake ya ndani, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yako wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Richard Stallman wa Marekani alianzisha mradi wa GNU kwa msingi huo mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alitoa Linux, na maelfu ya watu wasiojuana wamekuwa wakiiongezea vipande tangu hapo.

Nasi tuliingia katika kazi hiyo. Mwezi Desemba mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilitokana na mradi wa Kilinux, uliosaidiwa na Wasweden. Nakumbuka fahari niliyoiona habari ile: mashine iliyozoea kutuamuru kwa Kiingereza sasa ingesema nasi kwa lugha yetu.

Tafsiri za programu zinazoendelea kutolewa hadi leo zina mema yake, na mhakiki mwadilifu hana budi kuyataja. Neno "pakua" limechaguliwa kwa akili. Tangu zamani tunapakua chakula chunguni na kupakua shehena chomboni. Leo tunapakua faili mtandaoni, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. "Bofya" nalo ni zuri. Mama anayenunua embe sokoni Masasi hulibofya kwanza kwa ncha za vidole aone kama limeiva, na kidole kinachogusa kitufe hufanya jambo lile lile. "Nywila" sikulipenda. "Neno la siri" linajitosheleza, na linaeleweka hata kwa bibi aliyeshika simu ya kutumiwa fedha. Maneno haya yamepita katika mikono mingi, wala simlaumu mtu mmoja.

Lakini "Kitabu imefutwa" ni kosa la aina nyingine kabisa. Aliyenifumbua macho ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi za kompyuta Mtwara. Alikuja kunisalimu, nikamwaga malalamiko yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, kabla hujampa mtu sifuri, tutazame karatasi yake." Akafungua msimbo wa programu ile ile.

Tafsiri ya programu huandikwa katika faili lenye mistari ya jozi: wa juu Kiingereza, wa chini Kiswahili. Katika mstari ule, jina la kitu lilikuwa halimo. Mahali pake paliachwa tundu, ambalo mashine hulijaza yenyewe kwa kitabu, gazeti, mwanafunzi au kadi. Kiingereza hakiathiriki, kwa kuwa kitenzi chake kinabaki vile vile kwa vyote vinne. Mfasiri wa Kiswahili amewekwa njia panda: aandike kimefutwa, limefutwa, amefutwa au imefutwa? Nafasi ni moja tu. Akichagua lolote, atapatia penye kitu kimoja na kukosea penye vitu vitatu. Yeye alichagua "imefutwa", na kadi peke yake ndiyo iliyosalimika.

Naam, nilimhukumu mfasiri kwa kosa la fundi. Hakuna neno katika kamusi yoyote ambalo lingemwokoa. Kilichotakiwa ni kuuvunja mstari wenyewe katika msimbo na kuandika sentensi kamili kwa kila kitu.

Huenda msomaji akauliza, je, jambo hili lina uzito gani? Kwangu lina uzito mkubwa. Mtoto wa nyanda hizi za juu za Wamakonde huja shuleni akiwa na ngeli tayari, kwani lugha ya mama yake inazo. Upatanisho wa maneno ameunyonya. Mashine inayomwambia kila siku "kitabu imefutwa" inamfundisha kwamba upatanisho ni pambo linaloweza kuachwa, na mtoto huiamini mashine kuliko anavyomwamini mwalimu mzee.

Basi tulikaa siku tatu. Kijana aliandika msimbo, mimi nikaandika sentensi. Vitendo vilikuwa vitatu, yaani kuongeza, kubadilisha na kufuta. Vitu vilikuwa vinne. Mistari mitatu ikawa kumi na miwili. Hapo nikagundua faida nyingine. Kwa kuwa sasa sentensi ilikuwa nzima, sikulazimika kuandika "Mwanafunzi amefutwa", maana binadamu hafutwi. Niliandika "Mwanafunzi ameondolewa kwenye rejesta."

Tulituma kiraka chetu kwa watunzaji wa programu, walioko ng'ambo. Katika fani hii rekebisho huitwa kiraka, nami naona jina limestahili. Jibu lao lilikuwa la adabu lakini gumu: kwa nini mistari mitatu igeuzwe kuwa kumi na miwili kwa ajili ya lugha moja? Nikaandika ukurasa mmoja kueleza ngeli, kijana akautafsiri. Wiki kadhaa zilipita kimya. Kisha mtu mwingine, mfasiri wa Kifaransa, akaandika kwamba hata lugha yake iliumizwa na tundu lile, kwa kuwa Kifaransa nacho hulibadili neno kufuata jinsia ya kitu. Kiraka kikapokelewa.

Na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa, nami naianzia nyumbani. Chuoni nilikokuwa mkuu, tuliicheka Kiswahili cha kompyuta miaka nenda rudi, chai mkononi. Maandishi yalikuwa wazi wakati wote. Hatukutuma sahihisho hata moja. Tulidhani kazi ile ni ya mradi, na mradi una wafadhili wake. Fedha zikiisha, na kazi imeisha.

Wazee wa Newala watanielewa. Juu huku hakuna mito. Kabla ya mabomba, akina mama walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Kisima cha bondeni kilikuwa cha wote, lakini hakikujisafisha kwa sababu hiyo. Kila aliyefika alitoa tope kidogo kabla ya kuchota. Aliyesimama pembeni akisema maji ni machafu alirudi na mtungi mtupu.

Sisemi kwamba mwito huu ni mwepesi. Mwalimu wa kijijini hununua bando kwa mshahara wake, na yapo makampuni makubwa yanayotajirika kwa programu ambazo watu wa kujitolea wamezishona bila malipo. Haki hiyo inastahili kudaiwa. Lakini ngeli za Kiswahili hazitasahihishwa na mtu asiyezijua, hata akilipwa vizuri.

Nilirudi shuleni pale kuwaomba radhi walimu kwa maneno yangu ya mwanzo. Kompyuta yao ilikuwa bado na toleo la zamani, na kioo kiliendelea kusema "Kitabu imefutwa". Kijana akaliweka toleo jipya. Mwalimu mmoja, binti mdogo wa Kiswahili, alipoijaribu aliona sentensi nyingine yenye kasoro, inayohusu faini za kuchelewesha vitabu. Akanipa karatasi, akaniomba niliandike kosa lile nilipeleke kwa wahusika.

Nikamrudishia karatasi yake, nikamvutia kiti mbele ya mashine, na kijana akamfungulia faili.