Wikipedia na Ushahidi wa Wengi: Mifano ya Homa Bay na Migori

Imekuwa ada katika vyuo vikuu kumkataza mwanafunzi asinukuu Wikipedia, kwa hoja kwamba kila mtu aweza kuihariri. Hoja hiyo haitoshi, hasa ikitolewa na idara zinazofundisha fasihi simulizi. Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay huko Homa Bay, kimepita vinywani mwa wasimulizi wasiohesabika. Kikongwe aliyenyimwa hifadhi, gharika iliyokizamisha kijiji, na hao waliosalimika, yote hubadilika kadiri ya msimulizi. Hakuna mtaalamu akikataaye kwa sababu hiyo. Adaicho ni kujua nani alisimulia, wapi na lini.

Dai lilo hilo ndilo lipasalo kuelekezwa kwa Wikipedia. Kila ukurasa wake huhifadhi historia ya mabadiliko, pamoja na tarehe na saa. Vipo vitabu vya enzi ya ukoloni, vilivyoandikwa na mtu mmoja kutokana na wazee wasiotajwa majina, ambavyo havina hata hilo, na bado hunukuliwa bila kuhojiwa. Hata hivyo, jina la mhariri wa Wikipedia huweza kuwa la kubuni. Isitoshe, kanuni zake hudai vyanzo vilivyochapishwa, hivyo mzee wa Kendu Bay hana njia ya kuingia humo mpaka mtu mwingine amwandike na kumchapisha.

Hatari nyingine yaonekana Migori. Thimlich Ohinga ni boma la mawe yaliyopangwa pasipo chokaa wala udongo, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. UNESCO, ilipoliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, ilieleza kuwa yamkini lilijengwa katika karne ya 16. Uzito wa kauli hiyo umo katika "yamkini". Neno hilo likidondoka katika ukurasa, tasnifu ikaunukuu ukurasa huo, kisha mhariri akaitaja tasnifu kuwa ushahidi, dhana itakuwa imegeuka ukweli bila ya jiwe hata moja kuchunguzwa. (Na tasnifu hiyo ina muhuri wa chuo!)

Basi marufuku tupu haifai. Mwanafunzi na aanze na ukurasa akipenda, ataje tarehe ya toleo alilolisoma, kisha aufuate ushahidi hadi chimbuko lake. Kwa Simbi Nyaima, hiyo ni safari ya kwenda Kendu Bay na kinasa sauti.