Pole na "sorry" si mamoja

Siku hizi akifiwa mmoja wetu huku ughaibuni, simu yake hujaa "RIP" na "sorry for your loss", na wanaoandika ni watu waliolelewa kwa Kiswahili, wengine hata wanakifundisha. Sina ugomvi na Kiingereza. Mwingereza akikwambia hivyo ni adabu yake, nawe ukimwambia hivyo ni sawa. Nasema baina yetu sisi kwa sisi.

Kwanza hiyo "RIP" anaambiwa nani? Anaombewa marehemu apumzike. Mfiwa anayeisoma hakuambiwa kitu! Pole humwendea aliye hai, tena hujibiwa: "Asante, nimeshapoa," hata kama bado hajapoa. Kwetu pwani mtu huingia matangani akasema "Makiwa", naye mfiwa hujibu "Tunayo". Hapo keshakiri msiba wake, tena kwa wingi, si peke yake. Sasa "sorry for your loss" utaijibuje? "Thank you", basi, yamekwisha. Na hiyo "your" ndiyo inayoniudhi zaidi: msiba ni wako, mimi napita tu.

"Sorry" yenyewe inabeba mawili, huruma na kuomba radhi, mpaka huko kwao sheria imeingilia kati. Sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 2006 ilibidi itamke kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Ontario, Kanada, mwaka 2009 wakatunga sheria nzima kwa ajili ya jambo hilo hilo. Sisi tulikwisha kuyatenga zamani: kosa lina "samahani" na "niwie radhi", taabu ina "pole". Mtu akijikwaa unampa pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Lakini mchanganyiko huo umeshafika nyumbani. Nairobi mtu anakukanyaga mguu halafu anakwambia "pole". Pole ya nini, nawe ndiye uliyenikanyaga!

Kwa mgonjwa nako vivyo hivyo. "Get well soon" inamharakisha. Sisi twasema "ugua pole", augue taratibu, asihimizwe. Mwenye maradhi yasiyopona, hiyo "soon" inamchoma, lakini "ugua pole" anaweza kuambiwa mpaka siku yake ya mwisho.

Wapo watakaosema vijana waliozaliwa huku hawana maneno mengine, Kiingereza ndicho kinachowatoka. Kweli. Basi wafundishwe hayo mawili matatu, pamoja na majibu yake, maana tukiwapa "pole" bila jibu lake wataigeuza "sorry" vichwani mwao. Niliwahi kumpa pole binti wa jamaa yangu aliyefiwa na bibi yake, kwa Kiswahili kabisa. Akanijibu kwa upole kwamba nisijali, si kosa langu.