Sauti Isiyo na Umbali: Ofisi ya Jacques Tati

Bwana Hulot amefika Paris kuonana na ofisa mmoja, Giffard. Bawabu mzee anahangaika na vitufe vya mtambo wa kuitia watu, kisha wanangoja. Mwisho wa ukumbi mrefu anachomoza mtu, mdogo hata uso hautambuliki, lakini viatu vyake vinagonga sakafu: ko, ko, ko. Hulot anainuka. Bawabu anamrudisha kitini. Ko, ko, ko. Kwa masikio ofisa keshafika. Kwa macho bado yuko mbali.

Hii ni Playtime, filamu ya Jacques Tati ya mwaka 1967, na sijaona kazi nyingine iliyokamata kero ya ofisi ya wazi kwa fani kuliko kwa maudhui. Hakuna anayelalamikia kelele. Malalamiko yamo katika namna filamu ilivyoundwa. Tati alipiga picha kwa filamu pana ya milimita 70, karibu zote kwa mbali, akakwepa kusogeza kamera usoni pa mtu. Sauti alizipandikiza baadaye studio, kwa hiyo ukali wa viatu vile ni uamuzi wake. Macho kayaweka mbali, masikio kayasogeza karibu. Aliyewahi kufanya kazi karibu na mwenzake anayeongea na shemeji yake kwa spika ya simu ataielewa hesabu hiyo: sauti ikikufikia, umbali hauna maana tena.

Viti vya chumba cha kusubiria, vinavyopumua kila mtu anapovikalia, ni mzaha mzuri ila umekaa mno.

Kisha Hulot anapanda ngazi za umeme na kuchungulia chini. Sakafu nzima ni vizimba vya mraba, kila kimoja na mtu wake. Hapa Tati anatega mzaha wake mkali kuliko yote. Mtu ndani ya kizimba anapiga simu kuulizia taarifa. Anayeulizwa anatoka kwake, anakwenda kwenye kabati lililo upande wa nje wa kizimba cha huyohuyo aliyempigia, anasoma, anarudi kwake, anajibu kwa simu. Kuta zimewazuia wasionane bila kuwapa faragha. Na kwa kuwa maneno yao yamepunguzwa hadi kuwa mnong'ono wa Kifaransa na Kiingereza, yanasikika sawa na mlio wa mashine. Kwa aliyeketi kizimba cha jirani, ndivyo yalivyo.

Jengoni humo pia kuna maonyesho ya bidhaa, na mfanyabiashara Mjerumani anauza mlango usiotoa sauti. Anamkasirikia Hulot kwa kosa la mtu mwingine, anaondoka kwa ghadhabu na kuubamiza mlango wake. Kimya. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, lakini walikuwa na mtu mwenye nyumba na mwenye mlango. Kwa Tati, ukimya umekuwa bidhaa, na muuzaji wake ndiye wa kwanza kunyimwa haki ya kubamiza.

Ninachomdai Tati ni kimoja: mtu tunayemjua ndani ya kizimba. Hulot anaitazama ofisi kutoka juu, na hana ripoti ya kumaliza kabla ya jioni. Hata watu wa nyuma kwenye mji ule wa bandia aliojenga pembezoni mwa Paris, baadhi ni picha zilizokatwa kwenye ubao.

Mwongozaji Billy Wilder naye alidanganya macho katika filamu yake The Apartment ya mwaka 1960: msanifu wake, Alexandre Trauner, alipunguza ukubwa wa madawati kadiri yanavyokwenda nyuma na kuketisha watu wafupi huko, ili ukumbi uonekane hauna mwisho. Ila katikati ya madawati hayo kaketi mtu tunayemjua, Baxter, ghorofa ya 19, dawati namba 861. Saa 11:20 jioni kengele inalia, mashine zinanyamaza, wenzake wanaondoka kwa mkupuo. Baxter anaendelea kubofya mashine yake ya hesabu. Si kwa bidii, wala si kwa kuufurahia ukimya. Bosi mmoja ameiazima nyumba yake jioni hiyo kwa ajili ya hawara, na Baxter hana pengine pa kwenda.